Babu Alikuwa Meya: Nianzie Wapi Kuandika Maisha Yake?

SWALI: "Shikamoo mama. Mimi ni mjukuu wa mzee aliyekuwa diwani katika mji mmoja mdogo huku kwetu Kusini. Aliingia udiwani enzi za chama kimoja, na vipindi vyake vitatu vya mwisho alikuwa meya. Amefariki mwezi huu. Wazee wanataka maisha yake yasomwe siku ya arobaini, kisha tuyachape kijitabu cha ukoo. Kazi nimepewa mimi kwa kuwa nimesoma, lakini mimi namjua kama babu tu, yule aliyekuwa akinituma dukani na kunibakizia ming'oko. Nimeandika kurasa mbili, nimekutumia. Zinasomeka kama hotuba ya kampeni. Nimesoma pia habari za mameya wa Marekani waliokaa miaka zaidi ya hamsini, nikajiuliza kama babu anaweza kutajwa pamoja nao. Nianzie wapi? Naomba usitaje jina lake wala mji."

JIBU: Marahaba, mwanangu, na poleni sana kwa msiba. Mungu amlaze mzee mahali pema.

Nianze kwa kujitambulisha, ili ujue ninayekujibu nimesimama wapi. Nilikaa kwenye vikao vya madiwani miaka 27. Sikuwa diwani. Nilikuwa yule mama wa pembeni mwenye daftari. Nilitoka Chuo cha Uhazili Tabora na hati mkato yangu, nikapangiwa Kusini nikiwa nalia, na leo nimestaafu niko Mtwara, wala sina mpango wa kuhama. Babu yako sikumjua. Kiti chake lakini nakijua, tena nakijua kwa ubavuni, maana mwandishi wa vikao humwona mwenyekiti anavyokunja miguu chini ya meza watu wa mbele wanapomsifu.

Kurasa zako nimezisoma mara mbili. Sentensi ya kwanza inasema, "Marehemu alileta maji, akajenga soko, akapigania barabara." Ifute. Sisemi ni uongo. Nasema siku ya arobaini mkekani watakuwepo wazee wanaojua maji yaliletwa na nani, kwa fedha za nani, na mwaka gani yalikatika. Utakapoisoma sentensi ile kuna mmoja atakohoa. Kikohozi kile kitakuharibia kurasa zote zilizobaki.

Kwanza tuweke sawa neno lenyewe. Kwa sheria ya mamlaka za miji, ile Na. 8 ya 1982, Meya ni wa manispaa na jiji. Halmashauri ya mji kiongozi wake ni Mwenyekiti. Ndiyo maana leo Mtwara Mikindani na Lindi wana Mstahiki Meya, wakati Masasi, Newala na Nanyamba wana Mheshimiwa Mwenyekiti. Lakini mtaani watu hawasomi sheria. Aliyevaa joho na mkufu wanamwita meya, basi. Andika cheo chake halisi mara moja mwanzoni, halafu mwite meya kama watu walivyomwita. Hakuna atakayekushitaki.

Sasa ingia kwenye jambo lenyewe, ambalo kurasa zako hazikuligusa: babu yako alikuwa na madaraka gani?

Jibu litakushangaza. Alikuwa nayo machache mno. Mkurugenzi ndiye mtendaji mkuu na ndiye katibu wa baraza, naye hakuteuliwa na babu yako. Hundi husainiwa na watumishi. Meya hana kalamu hiyo. Mhandisi, mganga, afisa ardhi, bwana afya, wote bosi wao ni mkurugenzi. Ofisi ya mkuu wa wilaya iko ng'ambo ya barabara na ina jicho lake. Bajeti hata ikipitishwa na baraza, sehemu kubwa ya fedha inasubiri ruzuku kutoka serikali kuu, nayo ikija huja na maelekezo yake. Anachobaki nacho meya ni kuongoza vikao, kupiga kura ya uamuzi kura zikilingana, kuongoza Kamati ya Fedha na Uongozi, na kusemwa. Kusemwa ndiyo kazi kubwa. Taka zikirundikana hakuna anayekwenda kwa bwana afya. Wanakwenda nyumbani kwa meya, tena saa kumi na mbili asubuhi, kabla hajanawa uso.

Watu wengi wakiandika maisha ya kiongozi wanamwandika kama aliyekuwa akiamuru. Meya wetu haamuru. Anaomba, anakumbusha, anabembeleza, anakasirika kwa kipimo. Ukilielewa hilo utajua cha kutafuta. Swali lako kwa kila mtu utakayemhoji lisiwe "Babu alifanya nini?" Uliza, "Babu alikuwa hachoki kuuliza nini?"

Ngoja nikueleze nilivyojifunza hilo. Kila kikao cha halmashauri kina kipengele kinaitwa Yatokanayo, maana yake mambo yaliyotokana na muhtasari wa kikao kilichopita. Kabrasha, yaani ule mkusanyo wa karatasi za kikao, linakuwa na jedwali: upande mmoja agizo la baraza, upande wa pili utekelezaji. Madiwani wengi hapo ndipo wanapopekua simu, na kabla ya simu walikuwa wanasinzia. Mwenyekiti mmoja niliyemwandikia vikao alikuwa na choo chake. Namaanisha choo cha soko la samaki, ambacho hakikuwepo, na kina mama wauza samaki walikuwa wanakwenda vichakani wakati maji yamekupwa. Agizo liliandikwa: kijengwe. Kikao kilichofuata, utekelezaji: "Fedha hazijapatikana." Kilichofuata: "Fedha hazijapatikana." Kilichofuata: "Suala linafanyiwa kazi," ambayo ni lugha yetu ya ofisini ya kusema fedha hazijapatikana na tumechoka kuulizwa.

Yule mzee kila mara alikuwa akifika namba hiyo anavua miwani. Anasoma kwa sauti. Anauliza, "Mheshimiwa mkurugenzi, na choo?" Hapandishi sauti. Wakurugenzi wanne walipita pale, na wote wanne waliulizwa kwa maneno yale yale. Mmoja aliwahi kunong'ona sikioni mwangu kuwa akihamishwa atakumbuka bahari, samaki na choo. Miaka tisa. Siku fedha zilipopatikana, mkurugenzi wa wakati huo alizitafutia kifungu haraka kuliko alivyotafuta fedha ya gari lake, kwa sababu hakutaka kusikia lile swali mara nyingine.

Choo kikajengwa, jiwe la uzinduzi likawekwa. Jina lililoko kwenye jiwe ni la mgeni rasmi aliyekuja siku ile kwa msafara, akala wali, akaondoka. Kwa hiyo, mwanangu, usimtafute babu yako kwenye mawe ya msingi. Utakuta majina ya wageni. Mtafute kwenye Yatokanayo.

Na hapo hesabu itakusaidia. Baraza la kawaida hukutana kila robo mwaka, na kamati ya fedha kila mwezi. Vipindi vitatu ni miaka 15. Kama alikuwa haendi likizo, hayo ni mabaraza ya kawaida 60 na vikao vya kamati ya fedha 180 alivyoviongoza, ukiacha vya dharura, vya bajeti, na kamati ya maendeleo ya kata yake ambako alikuwa mwenyekiti vile vile. Kuyaandika hayo hakuhitaji kumsifu. Sema tu idadi, uone wazee watakavyotazamana.

Umeuliza kuhusu mameya wa Marekani. Hilmar Moore wa mji mdogo wa Richmond, jimbo la Texas, alishika umeya 1949 akaufia 2012, miaka 63. Robert Butler wa Marion, Illinois, alianza 1963 akatoka 2018. Ni maajabu yao, na sina ugomvi nayo. Ila usimpange babu yako kwenye foleni ile, kwa sababu mlango ni mwingine. Kule mkazi wa mji anampigia kura meya moja kwa moja. Huku kwetu mwananchi anamchagua diwani wa kata yake, halafu madiwani wanakaa, wao na wa viti maalum na mbunge wakiwemo, wanamchagua mmoja wao. Naibu wanamchagua kila mwaka. Na kabla hujafika huko kuna kura za maoni ndani ya chama, ambazo kila mtu aliyezipitia anajua kuwa ndizo zenye pilipili.

Kwa hiyo kila baada ya miaka mitano babu yako alichekechwa mara tatu: na wanachama wenzake, na kata yake, halafu na madiwani wenzake, ambao nusu yao walikuwa wanakitaka kiti kile kile. Na akiwa ndani bado theluthi mbili ya madiwani wangeweza kumwondoa. Vipindi vitatu ni machekecheo tisa, achilia mbali yale ya udiwani mtupu kabla ya hapo. Andika hivyo. Anayejua siasa za madiwani ataelewa kuwa miaka 15 ya namna hiyo ina uzito wake.

Halafu ujiulize alipitaje. Hapa usiogope jibu. Kuna waliopita kwa sababu walikuwa wema. Kuna waliopita kwa sababu makundi mawili yalikuwa yanachukiana sana, yakaona heri mzee wa katikati. Nimewaona wa aina zote, na wengine wa kundi la pili waligeuka kuwa viongozi wazuri kuliko wa kwanza, maana walijua hakuna anayewapenda kupita kiasi.

Sasa zama. Mzee aliyeingia enzi za chama kimoja alikuta mambo ambayo wasomaji wako wa leo hawayajui, na usipowaeleza hawatamwelewa. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilifutwa kwa mpango wa Madaraka Mikoani. Miji ikabaki bila mabaraza. Takataka zikazoea barabara, mifereji ikaziba, na miaka ile ya katikati ya 70 kipindupindu kikatutia adabu. Halmashauri za miji zikarudishwa 1978, sheria mpya zikatungwa 1982, na za wilaya zikaanza tena 1984. Ndiyo maana madiwani wa kizazi kile wana ugonjwa wa usafi. Kama babu yako alikuwa anafokea watoto kwa kutupa ganda la muwa, usidhani ni ukali wa uzee tu. Aliuona mji usio na mwenyewe.

Ikaja miaka ya 90. Uchaguzi wa madiwani wa 1994 ndio ulikuwa wa kwanza wa vyama vingi, mwaka mmoja kabla ya uchaguzi mkuu. Kusini hapa, unajua mwenyewe, CUF, chama cha upinzani, haikuwa ya kubeza. Watu waliokuwa wanakula sinia moja wakaanza kutosalimiana, kuna misikiti ilinuna, kuna harusi zilisusiwa. Tafuta diwani wa upande wa pili aliyekaa naye barazani. Huyo ndiye shahidi wako mkubwa kuliko wote. Muulize swali moja: "Ulipokuwa ukisimama kuomba nafasi, alikuwa anakuona?" Mwenyekiti ana namna ya kutokuona mkono ulionyooshwa. Mimi nilikuwa naandika nani kaongea. Nani kanyoosha mkono akanyimwa, hilo muhtasari haubebi. Ni lazima ukaulize.

Usiruke kodi ya maendeleo. Najua ungependa kuiruka, kwa kuwa haipendezi kwenye arobaini. Lakini kwa miaka mingi ile kodi ya kichwa ndiyo iliyolisha halmashauri, na ndiyo iliyowafanya wanaume wazima wakimbilie mikorosho alfajiri wakisikia mgambo. Risiti ilikaa mfukoni kama hirizi. Ilifutwa 2003, na kabla ya hapo baraza la madiwani lilikuwa sehemu ya mashine ile. Kama babu alikuwa barazani, aliunyoosha mkono wake kupitisha bajeti iliyotegemea kodi hiyo. Watu wa mji wanakumbuka. Waulize alikuwa akifanya nini mgambo walipomkamata jirani. Kuna mwenyekiti ninayemfahamu aliyekuwa analipia watu kimya kimya, na kuna mwingine aliyesema, "Sheria ni sheria," akaacha mpwa wake alale mahabusu. Wote wawili walikuwa waadilifu, kila mmoja kwa ukoo wake wa uadilifu. Wa babu yako ni upi?

Baada ya 2003 kodi zile zilipofutwa, halmashauri nyingi zilibaki zikitegemea ruzuku na ushuru wa mazao. Kwetu mazao ni korosho, hakuna kingine cha kutajwa kabla yake. Msimu mzuri kikao kinaisha kwa soda na sambusa. Msimu mbaya hata karatasi za kabrasha tulikuwa tunakopa. Posho za madiwani nazo kwa miaka hiyo zilitoka kwenye mapato ya ndani hayo hayo, kwa hiyo nimewahi kumwona mheshimiwa na joho lake akiomba lifti ya baiskeli kurudi kwake. Weka kitu kama hicho. Hakimdhalilishi.

Na uwakumbushe vijana kwamba halmashauri ya leo siyo ile. Barabara za mijini na vijijini zimekwenda kwa wakala wake, TARURA, tangu 2017, na maji ya vijijini yako kwa wakala mwingine, RUWASA, tangu 2019. Meya wa sasa akiulizwa shimo la barabarani anaweza kuonyesha kidole ofisi nyingine. Babu yako hakuwa na pa kuonyesha.

Nimefika kwenye viwanja. Vuta pumzi.

Mji mdogo hauna dhahabu. Una viwanja. Kila ramani mpya ya upimaji inapopita kwenye kamati ya mipango miji, ndugu wanaongezeka. Na sisi watu wa Kusini ndugu zetu wana mpangilio wake: kwa Wamakonde, Wamwera, Wamakua na Wayao, mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli. Babu yako alikuwa meya, lakini nyumbani kwa dada zake alikuwa mjomba. Wapwa hawakuwa wanamwomba kiwanja, walikuwa wanamdai. Ukimwambia mpwa kuwa kuna utaratibu wa maombi, fomu na ada, anakwenda kumwambia mama yake, na mama anakuja na kanga begani, anakaa barazani, haongei. Hakuna mkaguzi wa hesabu mwenye nguvu kama dada mkubwa aliyenuna.

Kwa hiyo hesabu, kwa adabu. Alipoingia alikuwa na nyumba ngapi, viwanja vingapi, mikorosho mingapi? Alipotoka? Kama ametoka na nyumba ile ile ya bati la zamani, wala usiandike neno "mwadilifu". Andika bati. Kama ametoka na viwanja sita, basi usiandike "mwadilifu" vile vile, na uwaulize wazee kama wanataka hilo lisomwe au likae kwenye kijitabu au lisiandikwe. Huo ni uamuzi wa ukoo, na mimi siwezi kuwasaidia. Ninachokuomba ni kimoja: usilifunike kwa sifa. Kimya kinasameheka. Sifa ya uongo mbele ya watu waliokosa viwanja haisameheki.

Sasa nenda kwa bibi. Umemwandika mstari mmoja tu, "aliacha mjane", na mstari huo umeniudhi kidogo. Nani unadhani aliwapokea wale wa saa kumi na mbili asubuhi? Mtu aliyefiwa na hana sanda huanzia kwa meya. Mwenye mgonjwa wa kupeleka hospitali ya Ndanda au Ligula na hana nauli, kwa meya. Mke aliyepigwa, kwa meya, maana mwenyekiti wa mtaa ni rafiki wa mume. Meya yuko kikaoni, kwa hiyo wanamkuta mkewe. Muulize bibi alikuwa anapika unga kiasi gani kwa siku. Muulize ni mara ngapi alitoa fedha iliyofungwa kwenye pindo la kanga. Muulize kama alitaka mumewe agombee kipindi cha tatu. Usimuulize mbele ya wajomba. Nenda asubuhi, peke yako, saa anachambua mchele, na simu yako irekodi ukiwa umemwomba ruhusa.

Nakuhakikishia, nusu ya kijitabu chako iko kwa bibi.

Karatasi nazo usizisahau, ingawa nazitaja kwa uchungu. Mihtasari ya vikao hutakiwa kukaa masijala ya halmashauri. Andika barua kwa mkurugenzi, jitambulishe, taja miaka na kamati unazotaka, na uombe kuisoma ukiwa pale pale. Vikao vya baraza ni vya wazi kwa wananchi, kwa hiyo huombi siri ya serikali. Nyaraka kuukuu zaidi zinaweza kuwa zimehamishiwa Nyaraka za Taifa, na huko kwa kawaida mafaili hufunguliwa yakitimiza miaka 30. Mihtasari ya mzee ya miaka ya 80 imeshatimiza umri huo.

Lakini usiende na matumaini makubwa. Kuna ofisi moja niliyoitumikia, siitaji, ilihamisha masijala kwa wiki mbili na majalada yakawekwa kwenye banda lisilo na mlango. Mwaka huo huo nilinunua karanga stendi. Nimemaliza kula, nakunjua karatasi, naona mwandiko wa mashine ninaoujua. Ni muhtasari wa kamati ya afya, nilioupiga mwenyewe, ukurasa wa tatu, una doa la mafuta pale kwenye "Yatokanayo". Nikarudi kwa muuza karanga, nikanunua mafungu yake yote. Nilipata kurasa kumi na moja. Karanga niligawa.

Kwa hiyo watafute pia watu wa aina yangu. Kila halmashauri ina mhazili au katibu wa vikao aliyestaafu ambaye hakuna aliyewahi kumhoji. Madaftari yetu ya hati mkato wengine bado tunayo, na kuna mambo tuliyoyaandika pale ambayo hayakuingia kwenye muhtasari uliopigwa mashine: nani alitoka nje akibamiza mlango, nani alilia. Mtafute dereva wa halmashauri pia. Dereva anajua mzee alilala wapi barabara ilipokatika, enzi zile za kuvuka Rufiji kwa kivuko pale Ndundu, kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa 2003. Safari ya kwenda wizarani kuomba fedha za zahanati ilikuwa siku kadhaa kwenye tope. Hiyo ni sura nzima ya kitabu, na ipo kichwani mwa mzee mmoja anayecheza bao.

Jambo la mwisho la kutafuta ni alivyotoka. Umeandika, "Aliamua kupumzika." Mwanangu, nimewaandikia vikao viongozi wengi, na walioamua kupumzika nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Wengine walishindwa kwenye kura za maoni na kijana mwenye fulana mpya. Hakuna aibu hapo. Kama babu alishindwa, sema alishindwa kwa kura ngapi kama zinapatikana, na sema alifanya nini asubuhi ya pili. Yule mzee wa choo alishindwa siku ya Jumamosi. Jumatatu saa mbili alikuja ofisini kurudisha joho, limefuliwa na kupigwa pasi, akaliweka mezani kwangu. Akauliza kama mkufu umehesabiwa. Nikamwambia ndiyo. Akasimama mlangoni kidogo, akasema, "Kabrasha lijalo, usisahau ile namba saba." Namba saba ilikuwa mfereji wa nyuma ya shule. Sikuwa na uwezo wa kuingiza wala kutoa kitu kwenye kabrasha, na alijua.

Sasa kuhusu arobaini yenyewe. Usisome zaidi ya dakika kumi. Watu watakuwa wametoka kwenye dua, jua linapanda, pilau inanukia, na hakuna marehemu anayeshindana na pilau. Chagua mambo matatu: swali ambalo babu hakuchoka kuliuliza, siku moja ya bibi mlangoni, na alivyotoka. Mengine yote, machekecheo tisa na kodi ya kichwa na safari za Ndundu, yaache kwa kijitabu, na kijitabu usikiharakishe. Msimu wa korosho ukianza hutampata mtu wa kumhoji, kwa hiyo anza na walioko mashambani kabla hawajaingia kazini, wa mjini watasubiri.

Rasimu ya pili nitumie. Nitaisoma nikiwa na kalamu nyekundu, ni mazoea ya kazi. Na ukienda kwa bibi kesho, usiende mikono mitupu. Mpelekee sukari kilo mbili na umwambie ni zawadi kutoka kwa mama mmoja wa Mtwara aliyekuwa anaandika vikao. Atajua.